Pat Summitt hakurithi timu yenye nguvu, aliijenga

Ndugu yangu, umeuliza iwapo kocha Pat Summitt alipata sifa zake kwa kurithi timu iliyokwisha kuwa imara. La hasha. Alipokabidhiwa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, mwaka 1974, alikuwa na umri wa miaka 22 tu, karibu rika moja na baadhi ya wachezaji wake, na mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Jezi za timu alizifua yeye mwenyewe, na hata gari la safari aliliendesha yeye.

Alidumu hapo misimu 38, akashinda michezo 1,098 na kutwaa ubingwa wa taifa mara 8, wa kwanza mwaka 1987 na wa mwisho 2008. Msimu wa 1997-98 timu yake ilishinda michezo yote 39.

Kwangu mimi, hata hivyo, lililo kubwa zaidi ni masomo. Aliwataka wachezaji waketi safu tatu za mbele darasani, na kila aliyekamilisha miaka yake ya kuichezea Tennessee chini yake alihitimu shahada. Ni makocha wachache mno wanaoweza kusema hivyo. Mwaka 2011, akiwa na miaka 59, alitangaza hadharani kwamba amepatikana na ugonjwa wa Alzheimer, unaodhoofisha kumbukumbu, na bado akarudi kuongoza timu kwa msimu mmoja zaidi.