Mpangaji wa seva aoneje umeme anaotumia bila kuziona siri za jirani yake?

SWALI: Ndugu Mtaalamu, ninasimamia seva mbili hapa Njiro, Arusha, zinazoendesha Linux na KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe) juu ya prosesa za Intel. Mashine pepe zilizomo, yaani kompyuta za kiprogramu zinazogawana seva moja, ni za wapangaji mbalimbali, zikiwemo kampuni za utalii, hoteli na watafiti wachache. Uongozi unataka kila mpangaji aone umeme unaotumiwa na mashine yake, ili gharama za LUKU na dizeli ya jenereta zigawanywe kwa haki. Nikisoma rejista za nishati (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa) nikiwa ndani ya mashine pepe, ninapata sifuri tu. Je, nizifungue? Kuna hatari gani?

JIBU: Ndugu msomaji, sifuri unayoiona si hitilafu. Ndivyo KVM ilivyoandikwa ijibu, na ushauri wangu ni kwamba usiiondoe kinga hiyo kwa kumpitishia mpangaji rejista zenyewe. Kinachofaa kumfikia ni hesabu iliyokwisha kufanywa upande wa seva mama (seva halisi inayobeba mashine pepe), ikiwa imegawanywa na kupunguzwa kasi.

Prosesa za Intel, tangu kizazi cha Sandy Bridge cha mwaka 2011, zina utaratibu uitwao RAPL, ambao hujumlisha nishati iliyotumika na kuiandika kwenye rejista takriban mara 1,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kipimo hubadilika kufuatana na maagizo yanayotekelezwa, na hata kufuatana na data inayochakatwa. Novemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, wakishirikiana na wenzao wa Birmingham na wa kituo cha CISPA nchini Ujerumani, walitangaza shambulio walilolipa jina la PLATYPUS. Walionyesha kwamba programu peke yake, bila kifaa chochote kuunganishwa kwenye seva, inaweza kutumia vipimo hivyo kuzipata funguo za AES na RSA, mbinu mbili za usimbaji wa data. Ndipo Linux ikaifunga energy_uj, faili inayoonyesha vipimo hivyo, isomwe na mtumiaji mkuu pekee, Intel ikatoa maikrokodi mpya (programu ya ndani ya prosesa), na mradi wa Xen, mfumo mwingine wa mashine pepe, nao ukatoa rekebisho lake. Lakini ndani ya mashine pepe yake mpangaji ndiye mtumiaji mkuu; kwa hiyo, ukishampitishia rejista, kufuli hiyo ya Linux haimzuii hata kidogo.

Chukulia nyumba ya kupanga yenye LUKU moja. Mpangaji anayekaa mbele ya mita akihesabu kila mpigo wa taa yake atajua jirani anapiga pasi saa ngapi, ingawa hajawahi kuingia chumbani kwake. Anayepewa karatasi ya mgao mwisho wa wiki hawezi kulijua hilo.

Kuna njia mbili ambazo ningezifikiria. QEMU, programu inayofanya kazi na KVM kuendesha mashine pepe, kuanzia toleo la 9.1 la mwaka 2024 inaweza kuitengenezea mashine pepe rejista za RAPL za kuigiza: programu ndogo yenye mamlaka, qemu-vmsr-helper, husoma rejista halisi kwenye seva mama na kuipatia QEMU kupitia soketi (njia ya mawasiliano kati ya programu), kisha QEMU hukokotoa sehemu ya kila mashine kwa kulinganisha muda ambao nyuzi zake (mifuatano ya kazi zake) zimeitumia prosesa. Uzuri wake ni kwamba QEMU yenyewe haihitaji mamlaka makubwa. Njia ya pili ni Scaphandre, programu ya kupima umeme wa seva, ambayo huandika mgao wa kila mashine kwenye folda yake iliyo kwenye seva mama, nawe ukaishiriki folda hiyo moja tu na mashine inayohusika, kwa kusomwa pasipo kuandikwa. Kwa hali yako ningeanza na hii ya pili, kwa kuwa kilichomo ndani ya folda unakiona kwa macho na ni rahisi kukikagua.

Hata hivyo, mgao kwa muda wa prosesa una kasoro ambayo watu wengi huipita haraka. Tuseme mashine mbili zimetumia muda ulio sawa, lakini moja inafanya hesabu nzito za vekta (namba nyingi kwa mpigo mmoja) na nyingine inasubiri kumbukumbu. Nishati ya prosesa nzima itapanda kwa sababu ya ile ya kwanza, nayo ya pili itabebeshwa nusu ya ongezeko lisilo lake. Hapo haki ya bili imepotea, na usiri nao umeguswa, kwa maana namba ya mpangaji wa pili sasa inabeba alama ya kazi za jirani yake. Kasoro hii huwezi kuiondoa kabisa kwa mgao wa aina hiyo. Unachoweza ni kuifanya isiwe na manufaa kwa mdukuzi: toa jumla ya kila dakika 5 au 15 badala ya kila sekunde, na uikate hadi tarakimu chache. Kwa kugawana gharama, hakuna anayehitaji zaidi ya hapo.

Wewe mwenyewe, kwenye seva mama, usisome kwa nafasi kubwa kiasi hicho. Kihesabio kina biti 32, na kwenye prosesa ambazo kila hatua yake moja ni takriban maikrojuli 61, hujaa baada ya juli 262,144 na kuanza upya. Kwa wati 200 hiyo ni kama dakika 22 tu. Soma kila baada ya sekunde chache, jumlisha, kisha ndipo utoe.

Tena, RAPL haihesabu feni, diski, upotevu wa pawasaplai wala wa UPS. Uniti moja ya LUKU ni juli 3,600,000 zilizopita kwenye mita, ilhali RAPL huona sehemu tu ya hizo. Pima seva nzima kwa mita iliyo ukutani, kisha tumia mgao wa RAPL kama uwiano wa kugawa jumla hiyo.

Kabla ya kuwafungulia wapangaji, tenga mashine pepe mbili za majaribio. Moja ifanye usimbaji mfululizo kwa vipindi visivyo na mpangilio, nyingine ishughulike na kazi ileile muda wote huku ikirekodi namba inazopewa. Ukiweza kutambua kutokana na namba hizo ni lini ya kwanza ilianza na lini ilisimama, ongeza muda wa jumla na urudie jaribio.