Watoto wamejumlisha, mzazi anasoma 0

SWALI: Naandika programu ya C kwenye Linux ya kujumlisha kilo za mahindi zilizopimwa soko la Kibaigwa. Faili lina mistari 400,000. Mzazi (mchakato mkuu) analifungua, anaita fork(), inayozaa mchakato mtoto, mara nne, na kila mtoto anaongeza kilo za fungu lake kwenye kigeu kimoja, jumla. Watoto wakichapisha jumla zao naona namba, lakini mzazi anachapisha 0. Nimejaribu pointa, bado 0. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Pointa haiwezi kukusaidia hapa. Chapisha anwani ya jumla kwa %p ndani ya mzazi na ndani ya mtoto: utaona anwani ileile, huku thamani ni mbili tofauti. Anwani hiyo si ya RAM yenyewe. Kila mchakato una jedwali lake la kurasa (vipande vya kumbukumbu), na kerneli, kiini cha Linux, ndiyo inayoamua anwani hiyo inaangukia wapi. Baada ya fork() wote wawili wanasoma kurasa zilezile, lakini mtoto akiandika tu, kerneli inanakili ukurasa ule (kwa kawaida baiti 4,096) na kumpa nakala yake. Ndiyo maana mtoto anaona kila ulichopakia kabla ya fork(), na mzazi haoni chochote mtoto alichobadilisha baadaye.

Usijaribu kurudisha jumla kwa exit(). Mzazi anapata biti 8 tu kupitia WEXITSTATUS, yaani 0 hadi 255. Mtoto akirudisha 300, mzazi anasoma 44.

Kinachokufaa ni mmap(), inayoomba kumbukumbu kwa kerneli, na lazima uiite kabla ya fork(). Omba nafasi ya namba nne za int64_t (namba kamili za biti 64), weka PROT_READ | PROT_WRITE, bendera MAP_SHARED | MAP_ANONYMOUS, namba ya faili -1 na mwanzo 0. Ukiweka MAP_PRIVATE badala ya MAP_SHARED, unarudi kwenye ile 0 yako. Kosa la mmap() hulinganishwa na MAP_FAILED, siyo NULL. Na tusing'ang'anie int: ya biti 32 inafurika jumla ikivuka 2,147,483,647.

Kisha mpe kila mtoto kisanduku chake: wa kwanza jumla[0], wa pili jumla[1], na kuendelea. Ajumlishe kwenye kigeu chake cha ndani, aandike kisandukuni mara moja tu anapomaliza. Mzazi awasubiri wote wanne kwa waitpid(), ndipo ajumlishe visanduku. Hakuna kufuli linalohitajika. Wote wakiongeza kwenye kisanduku kimoja, jumla += kilo ni hatua tatu: kusoma, kuongeza, kuandika. Watoto wawili wakisoma 500 kwa pamoja, mmoja anaandika 560, mwenzake anaandika 540 juu yake, na kilo 60 zimepotea bila ujumbe wowote wa kosa. Semafo ya sem_init(), kizuizi cha kupisha mtoto mmoja mmoja, inazuia hilo, mradi ikae ndani ya nafasi hiyo ya pamoja na hoja yake ya pili isiwe 0. Ila kwa kazi hii semafo ni mzigo wa bure.

Hujauliza, lakini lipo tatizo jingine kwenye maelezo yako. Umefungua faili kabla ya fork(). Mahali pa kusomea ndani ya faili ni kitu ambacho mzazi na watoto wanashirikiana kwelikweli: mtoto mmoja akisoma, wenzake wote wanasogezwa mbele. Namba unazoziona kwa watoto huenda nazo si sahihi. Kila mtoto afungue faili mwenyewe, au tumia pread(), ambayo haigusi mahali hapo. Ukiwa unagawa kwa baiti, mtoto atakayeanzia katikati ya mstari auruke hadi mstari mpya. Mstari aliouruka aumalize mwenzake mwenye fungu lililotangulia.

SWALI: Natumia pipe(), bomba la kupitisha data kati ya michakato. Mtoto anaandika, mzazi anaita waitpid() halafu anasoma hadi mwisho. Data kidogo inapita, lakini mzazi haoni mwisho. Data ikiwa nyingi, anaganda kabla hata ya kusoma. (Msomaji, Kondoa)

JIBU: Ni magonjwa mawili. Kwa kawaida bomba la Linux linabeba baiti 65,536. Likijaa, write() ya mtoto inasimama ikingoja msomaji, na msomaji huyo yuko waitpid() akimngoja mtoto. Soma kwanza, waitpid() baadaye.

La pili: read() hurudisha 0 pale tu ncha zote za kuandikia zinapofungwa, na ya mzazi bado iko wazi. Mara baada ya fork(), mzazi afunge fd[1] (ncha ya kuandikia), mtoto afunge fd[0] (ya kusomea). Soma ndani ya kitanzi, kwa sababu read() inaweza kukupa baiti pungufu ya ulizoomba. Watoto kadhaa wakiandika kwenye bomba moja, rekodi isizidi baiti 4,096 kwa write() moja, la sivyo maandishi yao yanaweza kuchanganyika.

SWALI: Kwenye skrini kichwa cha ripoti kinatoka mara moja, nikielekeza matokeo kwenye faili kinatoka mara mbili. (Dodoma)

JIBU: Kwenye skrini printf() humwaga kila mstari unapoisha; kwenye faili hurundika kwenye bafa (hifadhi ya muda), na fork() imenakili bafa hiyo pamoja na vingine vyote. Ita fflush(stdout) kabla ya fork(). Kama mtoto hana la kuchapisha, amalize kwa _exit(), isiyomwaga bafa.