Bastola ya kwanza ya mashindano: majibu kwa wasomaji

Tangu tugusie mchezo wa kulenga shabaha, maswali yanaingia kutoka Unguja, Pemba na kwa Wazanzibari waliotawanyika huko duniani. Nimechukua yale yanayojirudia. Waliouliza bei wanisamehe, maana bei ya Nairobi si ya Muscat, na ya leo si ya mwezi ujao.

"Nilimuona yule Mturuki wa Olimpiki, mkono mfukoni, hana makorokoro yoyote. Na mimi nimepata hamu. Ninunue bastola gani?" (Kijana, Michenzani)

Usinunue kitu bado, mwanangu. Yule ni Yusuf Dikeç. Alikuwa na miaka 51 pale Paris 2024, akapata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan katika mashindano ya mchanganyiko ya mita 10. Bastola aliyoshika haikuwa ya baruti. Ilikuwa ya upepo, inayorusha kidonge cha milimita 4.5. Na ule mkono mfukoni si maringo. Karibu wote wa mchezo ule huuficha mkono wa pili mfukoni au kwenye mkanda ili mwili utulie. Mchezaji mmoja mmoja hupiga mara 60 ndani ya dakika 75, na duara la kumi analolitafuta lina upana wa milimita 11.5, kama kitufe cha shati. Kukimbia hakuna, wala kuchomoa bastola kiunoni.

Mchezo wa pili ndio huu mnaoulizia mikanda na holsta, yaani mifuko ya kuwekea bastola kiunoni. Shirikisho lake kubwa, IPSC, liliundwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, Missouri, Marekani. Humo mchezaji anachomoa, anakimbia, anapiga shabaha za karatasi na za chuma, kisha pointi zake zinagawanywa kwa sekunde alizotumia. Amua kwanza moyo wako uko wapi, kwa sababu vifaa vya mchezo mmoja havikufai katika mwingine.

Halafu kuna sheria. Hapa kwetu silaha ya moto haishikwi bila leseni, na njia inaanzia Polisi, si kwa rafiki anayemjua mtu. Hata ya upepo usiiagize mtandaoni ukidhani ni kichezeo. Waulize kabla, upewe jibu la maandishi. Na popote utakapojifunzia, iwe bara au nje, piga kwanza kwa bastola ya klabu au ya mkufunzi. Ukishazishika tatu nne tofauti, utauliza swali zuri zaidi kuliko hili.

"Mimi mtu wa Unguja, nafanya kazi Nairobi. Leseni ninayo na klabu nimejiunga. Wenzangu wamegawika, hawa Glock na hawa CZ. Nikamate ipi?" (Msomaji, Nairobi)

Kabla ya jina la kiwanda, chagua saizi ya risasi: 9 mm ile ya kawaida, yaani 9x19. Inapatikana kirahisi, haina mshindo wa kukutia woga, na ndiyo ya bei nafuu kati ya zile za mashindano. Mgeni anayeanza na risasi nene ya .45 ananunua mazoea ya kufumba macho.

Kisha chagua daraja la mashindano. Kwa mtu mpya napendekeza Production. Bastola inabaki karibu na ilivyotoka kiwandani, haina darubini wala kifaa cha kupunguza mshindo, na unaanza na risasi zisizozidi 15 katika magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini. Hapa kuna mtego ambao wauzaji hawausemi. Glock 34 inatangazwa kuwa ya mashindano, na kweli ni nzuri, lakini mtutu wake una milimita 135, na Production ya IPSC haipokei mtutu unaozidi milimita 127. Mtu analipa zaidi, anafika uwanjani, anaambiwa aende daraja jengine akashindane na wenye vifaa vizito. Daima angalia orodha ya bastola zilizoidhinishwa kabla ya kutoa pesa.

Sasa ugomvi wenu. CZ Shadow 2 ina uzito wa gramu 1,300 na ushei, karibu mara mbili ya Glock 17, na uzito huo unameza mshindo. Bastola hairuki, jicho linabaki kwenye shabaha. Ndiyo maana wengi wa juu wanaipenda. Lakini katika Production unaianza nyundo, kile chuma cha nyuma kinachofyatua risasi, ikiwa chini, kwa hiyo kila ukijaza risasi lazima uishushe nyundo kwa kidole huku umebonyeza triga (kifyatulio), na chemba, yaani kitako cha mtutu, ina risasi hai. Nimesimama nyuma ya wachezaji wengi nikiwa na saa mkononi, na hicho ndicho kitendo kinachonifanya nizuie pumzi. Nyundo ikimponyoka mchezaji, risasi inatoka na siku yake imekwisha hapo hapo. Juu ya hayo, bonyezo la kwanza ni zito na refu, yanayofuata ni mepesi. Mgeni anajifunza triga mbili kwa wakati mmoja.

Glock 17 haina nyundo ya kushusha, na triga yake ni ile ile kutoka risasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwa bastola ya kwanza, mimi nakutuma huko. Wapenzi wa CZ watanikasirikia, na baada ya mwaka mmoja wa mashindano huenda ukahamia kwao. Hakuna ubaya.

Ila mkono wako ndio hakimu. Shika bastola tupu, mtutu ukielekea upande salama, fumba macho, inyooshe kwenye shabaha, fumbua. Kama mbele na nyuma ya kilengeo vimekaa sawa bila ya wewe kurekebisha, hiyo imekupenda. Kama triga inakulazimu uzungushe mkono ili kidole kifike, irejeshe kabatini.

Bajeti iwe na magazini tano. Hatua ndefu ya mashindano inaweza kutaka risasi 32 kwa uchache, na ukibadilisha magazini kabla hazijaisha, kisha ukakosa vyuma viwili vitatu, utajikuta unatafuta ya nne ukiwa mbioni.

"Ami yangu kanipa holsta ya ngozi aliyokuwa nayo tangu ujana wake. Nzuri, imeshonwa kwa mkono. Inafaa?" (Msomaji, Muscat)

Iweke ukutani, na umshukuru ami. Ngozi inanywa jasho na chumvi, na bastola ikilala ndani yake katika hewa ya pwani, iwe ya Muscat au ya kwetu, unaamka unakuta madoa ya kutu ubavuni. Halafu ngozi ikizeeka inalegea, mdomo wake unajikunja ndani. Siku unarejesha bastola kwa haraka, ule mkunjo unaingia kwenye triga. Watu wamejipiga paja hivyo.

Tafuta holsta ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa aina ile ile ya bastola yako, si "inayofaa zote". Ifunike kikamilifu sehemu ya triga. Iwe na skurubu ya kukazia. Bastola tupu ikiwa ndani, igeuze kichwa chini uitikise. Isianguke, na ukiichomoa isikupiganie. Skurubu zenyewe zitie gundi ya kuzuia skurubu zisilegee, kwani mitikiso inazifungua moja moja na utagundua katikati ya mbio. Holsta za kuvaa begani na zile za kufungwa pajani waachie watu wa filamu. IPSC haizikubali. Wala bastola isining'inie mbali na mwili, kwani kikomo ni milimita 50 kutoka kwenye mkanda.

Na mkanda ndio watu wanaoudharau. Ule wa suruali hauwezi kazi hii. Ukichomoa, holsta inapanda pamoja na bastola. Nunua ule wa vipande viwili, wa ndani unapita kwenye suruali, wa nje mgumu unagandana nao. Pesa ikibana, punguza kwenye bastola, usipunguze kwenye mkanda.

Kitu kimoja zaidi. Kuchomoa kunahesabiwa kwa saa, kurejesha hakuhesabiwi. Basi rejesha polepole, ukitazama, kidole kikiwa nje. Hakuna zawadi ya kurejesha haraka.

Ukifika nyumbani ifute bastola kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, isilale ndani ya holsta, na weka vile vipakiti vya kukausha unyevu ndani ya sefu.

"Duka lina risasi za 9 mm za aina tatu: 115, 124 na 147. Muuzaji anasema zote sawa. Kweli?" (Msomaji, Mzanzibari wa Dar es Salaam)

Zote zitalia, lakini si sawa. Namba hizo ni uzito wa kichwa cha risasi kwa kipimo cha greni. Greni 124 ni kama gramu 8. Kichwa kizito kinakwenda taratibu na mshindo wake unasukuma badala ya kugonga. Chepesi kinakimbia na kinapiga kwa ukali.

Mashindano yana kipimo cha nguvu, na hesabu yake ni ya skuli ya msingi: zidisha greni kwa mwendo wa futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000. Production inataka 125 kwenda juu. Risasi ya greni 124 inayokwenda futi 1,050 inatoa 130, imepita. Ya greni 115 ikienda 1,060 inatoa chini ya 122, imefeli, na katika mashindano makubwa wanachukua risasi zako wenyewe na kuzipima. Ukifeli unaweza kuendelea kupiga, lakini alama huna. Mwendo ulioandikwa kwenye boksi ulipimwa kwa mtutu wao, sio wako, kwa hiyo jiachie nafasi. Mimi kwa mgeni huchagua 124 ya kawaida yenye kichwa cha mviringo kilichovikwa shaba. Zile zenye tundu kichwani ni za kazi nyengine na zinakumalizia fedha bure.

Beba sumaku ndogo. Ikishika kwenye kichwa cha risasi, kuna chuma ndani, na viwanja vingi vinakataa kwa sababu inaharibu shabaha za chuma na kurusha vipande kwa watu.

Nunua boksi moja la kila aina, ona bastola yako inakula ipi bila kukwama, kisha nunua nyingi za toleo moja. Risasi zilizoota ukijani kwa unyevu usizifute ukazitumia. Zikabidhi kwa fundi wa silaha. Na mikono ioshwe kabla ya kugusa mishikaki, maana moshi na vichwa vya risasi vina sumu ya madini ya risasi.

Gharama za risasi ndizo zitakazokumaliza, si bastola. Dawa yake ni mazoezi ya bila risasi. Risasi zote ziwe chumba chengine, bastola ikaguliwe mara mbili, elekeza kwenye ukuta mnene wa mawe, kisha chomoa na bonyeza. Kidole peke yake kisogee, ngumi isikamue ndimu.

"Mimi ni mwanamke, nasoma Pretoria, kwetu Chake Chake. Klabuni niko peke yangu mwenye hijabu. Kuna la kuzingatia?" (Msomaji)

Lipo, Bi mdogo, na wanaume hawatakwambia. Ganda la risasi likitoka kwenye bastola ni la moto, na linapenda kuingia shingoni. Mtu likimuunguza huruka na kugeuka akiwa na bastola yenye risasi, hapo ndipo hatari ilipo. Vaa fulana ya kola iliyobana, mtandio uchomeke ndani usiache mfuko kifuani. Masikio: vizibo vya sponji ndani kabisa, mtandio juu yake, kisha vifuniko vikubwa juu ya mtandio. Vifuniko peke yake juu ya kitambaa vinaacha mwanya, na mlio wa bastola ni kama desibeli 160, unaua masikio. Baibui livuliwe au lifungwe nyuma. Lisije likaingia kwenye holsta. Mikono yako ikiwa midogo, uliza bastola zenye migongo ya kubadilishwa kwenye mpini.

"Natumia mkono wa kushoto. Nilazimishe kulia?" (Msomaji, Mkoani)

Hapana. Nunua holsta ya kushoto na hakikisha kitufe cha magazini kinaweza kuhamishwa upande. Károly Takács wa Hungaria alikuwa mpigaji wa mkono wa kulia. Mwaka 1938 bomu la mkono likamharibia mkono huo, akajifundisha kushoto, akachukua dhahabu ya Olimpiki London 1948 na Helsinki 1952.

"Nipo London. Naanzia wapi?" (Msomaji)

Si kwa bastola ya baruti. Baada ya mauaji ya Dunblane ya mwaka 1996, Uingereza ilizipiga marufuku karibu zote kwa watu binafsi mwaka 1997. Ireland ya Kaskazini ina sheria zake. Tafuta klabu ya bastola za upepo za mita 10, au ya mchezo ule wa IPSC unaochezwa kwa vijirisasi vya plastiki. Holsta, mkanda na miguu vinafundishwa vile vile.

"Mwanangu ana miaka 14 anataka huu mchezo. Naogopa." (Mzazi, Makunduchi)

Kuna maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Omar kuhusu kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga na kupanda farasi, na najua mwanao atakusomea. Mkubalie kwa mishale au bastola ya upepo, chini ya mkufunzi, katika klabu inayojulikana. Siku ya kwanza mtazame mkufunzi, si mtoto. Kama anaacha watu wachezeeane kwa kuelekezeana mitutu, hata ikiwa mitupu, mshike mwanao mkono muondoke.

"Nimealikwa kushindana nje. Bastola naipandishaje ndege?" (Msomaji, Unguja)

Anza miezi kabla. Unahitaji kibali cha kutoa silaha hapa, cha kuingiza kule, na idhini ya nchi unayobadilisha ndege, hata kama hutoki uwanjani. Liarifu shirika la ndege wakati wa kukata tiketi. Bastola ikae tupu ndani ya boksi gumu lenye kufuli, katika mizigo ya chini. Risasi ziwe katika pakiti zake, na kawaida mwisho ni kilo 5 kwa abiria pamoja na vifungashio. Begi la mkononi likague mwenyewe usiku wa safari, kila mfuko. Risasi moja iliyosahauliwa chini ya begi la mazoezi inatosha kukulaza rumande.