Barua kwa mwanangu: makaa, kofia na vitunguu

Mwanangu,

Umeniuliza uuze makaa ya mawe uliyolimbikiza kwenye RuneScape, ule mchezo wako wa mtandaoni, au usubiri yale mabadiliko yaliyotangazwa, kwa kuwa yataongeza watu wanaohitaji makaa. Hilo nitalifikia. Kwanza niambie: tangazo hilo umelisoma peke yako?

Unanitolea mfano wa kofia za karatasi za Krismasi ya 2001 mchezoni humo. Ulinisimulia sana ulipokuwa sekondari: ziligawiwa bure, wengi wakazitupa kwa kuwa hazikuwa na kazi, kisha hazikutolewa tena, mpaka bei ikapita sarafu 2,147,483,647, kiasi cha juu kabisa kinachohesabika katika fungu moja. Sawa. Lakini mlango wa kofia ulifungwa. Makaa kila mwenye sururu anachimba, na bei ikipanda kidogo tu wachimbaji wanaongezeka. Bei ni mnunuzi aliyesimama mbele yako. Nyingine zote ni habari. Hata ile unayoiona kwenye soko kuu la mchezo, lililofunguliwa 2007, inatokana na mauzo yaliyokwisha kufanyika. Haijamwahidi mtu kitu.

Unayakumbuka magunia 40 ya vitunguu, kule kijijini Ruaha Mbuyuni. Mlilala sebuleni kwa sababu chumba chenu nilikifanya ghala. Msimu uliotangulia vitunguu vilikuwa vimeadimika, na waliochelewa kuuza walijenga nyumba. Basi alipokuja yule mnunuzi na lori lake kutoka Dar, mama yako akasema, "Mpe." Nikasema tungoje wiki tatu. Sikujiuliza kwa nini majirani nao hawauzi. Wiki ya tatu kijiji kizima kikatoa mzigo siku moja, barabara ikajaa magunia, wanunuzi wakaanza kudai lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo kwa bei ileile. Vyangu vilishaanza kuchipua. Harufu ile bado inanijia kila nikipita pale. Mnunuzi aliyesimama mbele yako, mwanangu.

Ila makaa yako hayaozi. Hilo limeninyima usingizi. Hulipii ghala, na sarafu zenyewe huzaliwa kila mnyama anapouawa akaziacha, kwa hiyo anayekalia sarafu naye thamani inamponyoka. Kusubiri si upumbavu, basi. Lakini yasiyooza kwako hayaozi kwa wenzako pia. Huenda wameyaweka tangu mwaka jana, na wote wanaingoja siku ileile.

Mdomo unaniwasha niseme uza. Sisemi. Mzigo ni wako, na mimi mwaka uliofuata niliuza mapema kwa woga, wiki mbili baadaye bei ikapanda mara mbili. Angalia kwanza siku mbili tatu makaa yanavyotoka, na wakati gani hayapati mtu. Kisha niandikie umeamua nini, hata kama umeshauza.

Mama yako ameuliza nakuandikia nini. Nimemwambia vitunguu. Amenyamaza.

Baba yako