Vidoti vyeusi puani: acha kusugua

Pole dada. Umesema unasugua uso mara nne kwa siku na vidoti vyeusi puani bado havitoki. Weusi ule si uchafu: ni mafuta na seli mfu zilizoziba kitundu cha ngozi, zikabadilika rangi kwa kukutana na hewa. Kusugua kunakuchubua tu.

Osha mara mbili kwa siku, kwa sabuni laini ya uso na maji ya uvuguvugu. Usiku paka asidi ya salisiliki (salicylic acid, dawa ya kupaka inayozibua vitundu vya ngozi) ya asilimia 2, ukianza na mara tatu kwa wiki. Mimi nilisubiri wiki 6 kuona tofauti. Kama ni mjamzito, muulize daktari kwanza. Na tafadhali usikamue, kovu halifutiki kirahisi. Yakitokea majipu yenye maumivu, nenda kwa daktari wa ngozi mapema.