Maswali na Majibu: Utepe wa polisi peke yake haulindi ushahidi

SWALI: Nasimamia walinzi wa jengo la ofisi. Wezi walivunja chumba kimoja usiku, nami nikafunga utepe wa njano na mweusi kwenye kitasa cha mlango, nikauvuta hadi nguzo ya pili. Polisi walipofika waliufungua, wakazungushia wa kwao hadi kwenye maegesho ya magari. Je, nilikosea rangi? Na kuna muuzaji anayesema utepe wake ni mzito na "umethibitishwa kulinda eneo la tukio". Niununue?

JIBU: Rangi isikusumbue. Marekani wamezoea njano yenye maandishi meusi, Uingereza bluu na nyeupe, Ujerumani nyekundu na nyeupe. Australia wanatumia miraba ya bluu na nyeupe, mchoro ulioanzia kwenye kofia za askari wa Glasgow miaka ya 1930, chini ya mkuu wao Percy Sillitoe. Kinachotakiwa ni mtu auone akiwa bado mbali.

Huyo muuzaji mwache. Utepe wa aina hii ni ukanda wa plastiki, aghalabu polithini, wenye upana wa sentimita 7 hivi na hauna gundi. Ukiwa mzito hautakatika upesi kwa upepo, na faida yake inaishia hapo. Hakuna plastiki inayoweza kuthibitishwa kwamba inalinda alama za vidole. Nawasikia watu wa namna hii kila mara, wengine wakiuza na mafunzo ya siku moja yenye cheti, na wateja wao ndio tunaowakuta wamesimama katikati ya nyayo za mwizi huku utepe ukiwa umefungwa vizuri kabisa.

Polisi waliufungua utepe wako kwa sababu ya kitasa. Mwizi alipitia mlango ule. Kama palikuwa na alama za vidole au jasho lenye vinasaba, pa kuanzia kutafuta ni palepale, na wewe ulipashika kwa mikono yako kisha ukapasugua kwa fundo. Utepe hufungwa kwenye vitu ambavyo mhalifu hakuwa na sababu ya kuvigusa: nguzo za mbali, miti, vigingi ulivyoleta mwenyewe. Usiufunge kwenye mlango, geti, wala gari lililo ndani ya eneo.

Tena ulizungushia padogo mno. Mwizi hakuota ndani ya chumba. Alikuja kwa njia fulani, akasimama mahali kuchungulia, akaondoka na mzigo, pengine akaangusha kitu maegeshoni. Ndiyo maana polisi wenzangu walikwenda mpaka huko. Anza na eneo kubwa kupita unavyodhani linahitajika. Kulipunguza baadaye ni kazi ya dakika chache, lakini ukitaka kulipanua baada ya saa mbili, sehemu unayoiongeza imeshakanyagwa na kila aliyekuja kutazama. Kwenye matukio makubwa huwekwa mizunguko miwili: wa ndani kwa wachunguzi tu, wa nje kwa askari wengine na magari yao. Waandishi wa habari na watazamaji hubaki nje ya yote miwili.

Dhana inayonikera kuliko zote ni kwamba utepe ukishafungwa, eneo limelindwa. Hans Gross, hakimu mpelelezi wa Austria, aliandika mwaka 1893 kwamba kitu kisiguswe wala kusogezwa kabla hakijaelezwa kwa ukamilifu kwenye kumbukumbu rasmi. Edmond Locard, Mfaransa aliyeanzisha maabara yake ya uchunguzi wa jinai Lyon mwaka 1910, akafundisha kwamba anayegusana na kitu huacha chake na kuondoka na cha pale. Wakati huo utepe wa plastiki haukuwapo. Polithini yenyewe iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Palikuwa na kamba, vizuizi vya mbao, na askari aliyesimama. Huyo askari ndiye ulinzi. Utepe unamsaidia asipige kelele kwa kila mpita njia.

Na wanaoharibu zaidi si wapita njia. Ni wenye vyeo. Mkuu anainua utepe, anapita chini yake na wageni wake, anatazama, anatoka, na hakuna aliyeandika jina lake. Miezi kadhaa baadaye wakili wa utetezi anauliza swali moja tu: nani waliingia? Bila daftari la kuingia na kutoka, lenye jina, saa na sababu, hakuna jibu la kumpa.

Hata nyumba iliyofungwa rasmi haisalimiki. Perugia, Italia, mwaka 2007, mwanafunzi aliuawa na nyumba ikazuiwa. Kishikizo cha sidiria yake kilionekana mwanzoni mwa uchunguzi, kikaachwa sakafuni, na kikachukuliwa siku 46 baadaye kikiwa kimeshahama mahali pake. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walisema vinasaba vilivyokuwa juu yake vingeweza kuwa vimetokana na uchafuzi. Mwaka 2015 mahakama ya juu kabisa iliwaachia huru washtakiwa wawili waliokuwa wamehukumiwa. Uharibifu ulifanyika ndani ya mzunguko, na watu walioruhusiwa kuwemo.

Kwa hiyo nunua bunda la utepe wa kawaida, rangi yoyote inayoonekana, ila usiwe na maandishi ya polisi, maana ninyi si polisi. Nunua na daftari na kalamu. Tukio likitokea tena, mlinzi mmoja asimame kwenye njia moja ya kuingilia, aandike kila anayepita, akiwemo mwenye jengo na wewe mwenyewe. Polisi wakifika, wakabidhini daftari hilo na mwaambie wazi ni nani ameshika nini, kitasa kile kikiwemo, ili wachukue alama zenu za vidole na kuzitenga. Utepe usiondolewe mpaka mpelelezi mwenyewe aseme amemaliza, hata kama wapangaji wanadai ofisi zao.