Mahindi Yenyewe Ndiyo Yanayoiita Kayongo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Shamba letu hapa Nagongera tulikuwa tunalima muhogo tu kwa miaka mingi. Msimu huu nimepanda mahindi. Kabla hayajatoa mbelewele yamedumaa, majani yamegeuka manjano, na sasa chini yake pamejaa maua ya zambarau ya kayongo. Mama mkwe anasema jirani ametumwagia kitu. Kayongo imetoka wapi? Na inanyonyaje wenzake ilhali ina majani ya kijani kama mmea mwingine wowote? – *Mama Apio, Tororo*

JIBU: Marahaba, Mama Apio. Kwanza mwacheni jirani wa watu. Mbegu ya kayongo (wengine huiita kiduha, wataalamu, *Striga hermonthica*) haifiki hata nusu milimita, na mche mmoja huzaa mbegu makumi ya maelfu. Huletwa na jembe la kuazima, kwato za ng'ombe, maji ya mvua, au mahindi ya mbegu tuliyogawiana kijijini. Ikishaingia ardhini inaweza kukaa hai zaidi ya miaka 10. Muhogo si chakula chake, kwa hiyo ilitulia tu, ikingoja.

Ilichokuwa ikingoja ndicho kinachonifurahisha mimi, ingawa wewe hakitakufurahisha. Mahindi yakikosa fosforasi, mizizi yake hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Kazi yake ni kuwaita kuvu wa mikoriza, ambao hukaa mizizini na kuuletea mmea fosforasi. Kayongo hudaka wito huo usio wake. Mbegu ikishalowa na kupata joto kwa siku kadhaa, huota pale tu inapoguswa na kemikali hiyo. Kizizi chake ni cha milimita chache na akiba yake ni ndogo mno: isipofika kwenye mzizi wa mahindi ndani ya siku chache, imekufa. Kwa hiyo kadiri udongo unavyochoka, ndivyo mahindi yanavyozidi kuita, na ndivyo adui anavyozidi kuamka.

Strigolaktoni ya kwanza ilitangazwa mwaka 1966, nayo ilitolewa kwenye mizizi ya pamba, mmea ambao kayongo haiwezi kabisa kuunyonya! Watu walibaki wakijiuliza kwa nini mmea utengeneze kitu cha kumwamsha adui. Jibu la kuvu lilipatikana mwaka 2005.

Usiniamini kwa maneno. Chagua mhindi uliodumaa ambao kayongo bado haijatokeza chini yake, uchimbe pamoja na bonge kubwa la udongo, ulitie kwenye beseni la maji na kuuosha taratibu. Utaona vichipukizi vyeupe, vyenye magamba badala ya majani, vimeng'ang'ania mizizi. Pale vilipoungana pamevimba kidogo. Uvimbe huo ni haustoria, kiungo kinachopenya hadi kwenye mishipa ya maji ya mahindi. Hasara kubwa hutokea wakati huo, chini ya ardhi. Ua la zambarau ukiliona, mwizi ameshakula.

Kuhusu ukijani: majani yake yanajitengenezea sukari kidogo, haitoshi. Maji, madini na sehemu ya sukari huvuta kwa mwenyeji. Tena jua likiwaka, mahindi hufunga vitundu vya majani kubana maji, kayongo huacha vyake wazi, na maji yanaendelea kuvutwa kuelekea kwake.

Wala haikuumbwa hivyo tangu mwanzo. Katika ukoo wake, Orobanchaceae, bado yupo ndugu anayejitegemea, *Lindenbergia*. Mimea mingi ina jeni iitwayo KAI2, inayosaidia mbegu kujua wakati wa kuota, na katika baadhi ya mimea huhisi hata kemikali za moshi baada ya moto. Kwa mababu wa kayongo jeni hiyo ilijinakili mara nyingi, na baadhi ya nakala zikabadilika zikaanza kuhisi strigolaktoni. Sikio lilikuwepo, likageuzwa kazi.

Sasa ufanye nini? Ng'oa kayongo zote kabla hazijakomaza mbegu. Mavuno ya msimu huu hayatarudi, lakini utaokoa ya mbele. Tia samadi kwa wingi. Msimu ujao panda soya, kunde au pamba: huziamsha mbegu bila kuzilisha, zikafa. Ukitaka dawa ya kudumu, panda desmodiamu (mmea wa jamii ya kunde) kati ya mistari ya mahindi na majani ya Napier kandokando. Mbinu hiyo ya "sukuma-vuta" (desmodiamu husukuma wadudu wanaotoboa mahindi, Napier huwavuta) ilitengenezwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu. Desmodiamu huziamsha mbegu na papo hapo huzuia zisishike mzizi, na ng'ombe wanaila.

SWALI: Mwembe wangu una kirukia. Je, ni ndugu wa kayongo? – *Msomaji, Soroti*

JIBU: Hapana. Unyonyaji umezuka mara 12 hivi, kila mara peke yake, katika koo mbalimbali za mimea yenye maua. Kirukia haungoji wito wowote. Hupandwa na ndege wadogo wanaokula matunda yake na kuacha mbegu zenye ulimbo matawini. Usiubandue kwa mkono, kwani mizizi yake imeshaingia ndani ya mti. Kata tawi lenyewe, chini kidogo ya pale kirukia kilipong'ang'ania.